Nguzo za Mkunazini, Mlango wa Unyanyembe

Nilipoweka kiganja kwenye nguzo, binti yangu alinivuta mkono wa shati. "Baba, usiguse, watatufukuza."

Kijana aliyekuwa akitutembeza akamtuliza. "Muache mzee wangu aguse, dada. Ila aniambie kwanza, nguzo hii ina ila gani?"

Mimi ni seremala wa Kigwa, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Kwa miaka 34 nimekula kwa milango, vitanda na madirisha ya mninga. Mtu wa kazi hii akiulizwa ila ya kitu hajibu upesi. Nilichutama, nikapitisha kidole pale nguzo inapokutana na sakafu. Nikainuka, nikatazama juu pale inapopokea mzigo. Nikarudi tena chini.

"Imegeuzwa," nikasema. "Kichwa kiko chini."

"Zote 12, mzee wangu."

Tulikuwa ndani ya kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, upande wa pa kubatizia. Nilikuwa nimekwenda kumwona mjukuu. Siku ya tatu binti yangu akasema haifai baba yake arudi bara bila kuuona Mji Mkongwe. Nilikwenda nikidhani naonyeshwa milango, maana sifa za milango ya Unguja nilizisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa kupiga randa. Milango niliiona, na nitaisema. Lakini kilichonishika ni hizo nguzo.

Inasimuliwa kwamba zilipofika kusimamishwa, Askofu Edward Steere aliyekuwa akiusimamia ujenzi hakuwapo. Mafundi wakazisimamisha walivyoona inafaa. Askofu aliporudi akakuta zimekwisha kushika, akaziacha. Wageni wengi wakisimuliwa habari hiyo hucheka na kusogea mbele. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilijiweka mahali pa wale mafundi. Nguzo ya Kizungu ina sehemu ya juu iliyotanuka ili ipokee tao. Mtu ambaye hajapata kuiona nguzo ya namna hiyo atauliza maswali ambayo mkono wake unayajua: kipi kipana, kipi chembamba? Kipana kikae chini, kama tako la kinu. Kwa kipimo cha kinu walikuwa sahihi kabisa. Na nguzo zimesimama hadi leo, karibu miaka 150, hazijasogea.

Nilimuuliza yule kijana, "Majina ya hao mafundi yapo?"

"Hayapo, mzee."

Ndipo nilipoanza kulitazama kanisa zima kwa namna nyingine.

Lakini kwanza niseme kwa nini mtu wa Kigwa asisimame Mkunazini kama mgeni. Kijiji chetu kiko kwenye njia kuu ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyamwezi hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Richard Burton na John Speke walipita Kigwa mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa. Waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Henry Stanley alipita mwaka 1871, akaikuta Kigwa imeharibiwa kwa vita. Babu yangu mzaa baba hakuyasoma hayo popote. Yeye alikuwa akituonyesha miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba karibu, akisema, "Hapa walikula, wakatupa kokwa, wakaenda zao." Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi mara kadhaa, pembe begani, na alikwenda kwa hiari yake na kwa ujira, kama walivyokwenda maelfu ya Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, kilo zaidi ya 30. Kwetu kijana ambaye hakuiona pwani alihesabiwa hajakomaa.

Njia hiyo hiyo ilipitisha na wengine, waliofungwa shingo kwa shingo. Wapo waliotoka mbali kuliko kwetu, Manyema na ng'ambo ya Tanganyika. Wapo waliochukuliwa hapa hapa vitani. Waliofika pwani wakiwa hai walivushwa bahari, na wengi wakasimamishwa sokoni Unguja, mahali pale pale nilipokuwa nimesimama nikipapasa nguzo.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu. Linaonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na ule wekundu ni damu. Mninga tunaopasua kila siku, ukiukata ukiwa mbichi, hutoa utomvu mwekundu unaotisha. Mwanafunzi wangu wa kwanza aliona utomvu huo akakimbia akidhani amejikata. Nilisimama mbele ya duara lile nikakumbuka mti huo, nikashindwa kusema neno. Binti yangu naye alinyamaza.

Sasa nipandishe macho kwenye paa, maana hapo ndipo utaalamu wenyewe ulipo, na msomaji akilielewa paa atakuwa ameyaelewa makanisa mengi ya mawe duniani.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutiki. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Tembe zetu za Unyamwezi zilikuwa na sheria hiyo hiyo. Unalaza magogo, juu yake fito, juu yake udongo ulioshindiliwa. Ukitaka chumba kipana, unachimbia nguzo katikati. Mti ndio uliompangia mtu ukubwa wa nyumba yake.

Steere alitaka jumba pana lisilo na nguzo katikati wala boriti juu. Akafunika kanisa lake kwa tao moja refu, saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wafugaji nyuki wa kwetu watalielewa mara moja. Chukua gogo la mzinga lililopasuliwa katikati kwa urefu na kuchimbwa ndani. Chukua nusu moja, ifunike juu ya kuta mbili. Hilo ndilo paa la Mkunazini, nusu ya mzinga. Wengi wakati ule walisema litaanguka. Halijaanguka.

Tao linasimamaje? Mbao nikiilaza juu ya nafasi pana hupinda katikati, kwa sababu uzito unaivuta chini na hakuna cha kuizuia. Tao haliachi uzito uende chini moja kwa moja. Kila jiwe linamsukuma jirani yake, jirani anamsukuma wa pili, hadi msukumo unafika ukutani. Mawe yanabanana, na jiwe likibanwa halivunjiki kirahisi. Lakini msukumo huo ukifika ukutani unataka kuusukuma ukuta nje. Dawa ya zamani ni moja: ukuta mnene, na madirisha machache, kwa sababu kila dirisha ni tundu katika kile kinachokushikilia.

Hayo waliyajua mafundi wa Ulaya tangu karibu mwaka 1000. Kwa muda wa miaka 150 hivi walijenga makanisa ya mawe yenye matao ya duara, kuta nene na mwanga kidogo. Mtindo huo unaitwa wa Kirumi, kwa kuwa tao la duara lilirithiwa kutoka kwa Warumi wa kale. Baadaye likaja tao lenye ncha, linaloelekeza msukumo chini zaidi kuliko pembeni, nalo likaruhusu kuta nyembamba na madirisha mapana. Huo ndio mtindo wa Kigothi. Kanisa la Mkunazini limechanganya: lina Kigothi, lina mkono wa Kiarabu, na limejifunika kwa lile tao la zamani la duara.

Kuna jambo moja waongozaji hawalisemi, nami siwalaumu, kwa sababu halionekani. Tao haliwezi kujengwa likielea hewani. Kabla ya jiwe la kwanza au karai la kwanza la zege, seremala hujenga tao zima la mbao, lenye mpindo ule ule, lenye nguvu ya kubeba kila kitu kikiwa bado kibichi. Waashi hupanga juu yake. Zege likishika, seremala hurudi, akalegeza kabari, akaishusha kazi yake yote na kuitoa nje. Karibu kila tao la mawe unaloliona duniani, chini yake palikuwa na tao la mbao lililoondoka. Nililitazama paa la Mkunazini nikaiona kazi ya watu ambao hata alama ya msumari wao haikubaki.

Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu. Alifariki mwaka 1882. Ndiye aliyekaa na watu wa Unguja akaandika sarufi na hadithi zao, na kitabu chake cha kufundishia lugha kilitoka mwaka 1870. Kiunguja alichokishughulikia ndicho kilichokuja kufanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Namheshimu kwa hilo, na kwa kuziacha zile nguzo zilivyo.

Kwenye nguzo moja karibu na madhabahu umetundikwa msalaba mdogo wa mbao. Hapo niliomba tukae.

Msalaba huo umechongwa kwa mbao ya mti uliokuwa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. David Livingstone alifia hapo mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake wakautoa moyo wake wakauzika chini ya mti huo, wakaukausha mwili juani kwa muda wa wiki mbili, kisha wakaubeba kuelekea pwani. Abdullah Susi na James Chuma ndio wanaotajwa kuwa viongozi wa safari hiyo. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma India katika shule ya watumwa waliokombolewa, alisoma sala ya maziko, kisha akachukua kisu akachonga kwenye shina la mti jina la marehemu na tarehe. Akaongeza majina ya wenzake.

Kule Zambia mti huo wanauita mpundu. Kwetu ni mbula, ule ule ambao watoto wa Kigwa huokota matunda yake. Maseremala hawaupendi. Mbao yake ina kitu kama mchanga ndani, na meno ya msumeno hayamalizi siku. Ukiniletea mbula nikuchongee mlango, nitakuomba uniletee mti mwingine. Wainwright alichonga herufi zake humo humo, kwa kisu, akiwa na msiba. Kipande cha shina lenye maandishi hayo kilikatwa baadaye kikapelekwa London.

Na mwili ulipita kwetu. Oktoba 1873 uliingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Hapo walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Akawashauri wauzike pale pale. Wakakataa. Walipofika kijiji cha Kasekera wakasikia kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite nchini mwao. Basi wakafunga mzigo wa uongo wa vijiti na nguo kama maiti, wakatuma watu waondoke nao kama wanaourudisha kwa maziko, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa kitambaa cha biashara. Hivyo ndivyo ulivyofika Bagamoyo Februari 1874, umebebwa kama mtumba katika nchi ya wapagazi. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey.

Nje, uani, wamo katika shimo watu watano wa kuchongwa, waliofungwa shingoni kwa mnyororo wa kweli wa enzi zile. Ni kazi ya Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso hazikukamilishwa sana, na nadhani ni makusudi. Mwili umebaki nusu ndani ya jiwe. Fundi aliyeacha kazi mahali hapo alijua wapi pa kuacha, na kujua pa kuacha ndio ujuzi mgumu kuliko wote katika uchongaji.

Jumapili tulisali Minara Miwili. Ndivyo watu wa Unguja wanavyoliita kanisa la Katoliki la Mtakatifu Yosefu, kwa sababu ya minara yake pacha ambayo mtu akija kwa boti huiona kabla hajaiona nyumba. Wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walilijenga katika miaka ya 1890. Ni shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwili wa Livingstone ulilala kwao kabla ya kupakiwa melini. Kwa mtu anayetaka kuuona mtindo wa Kirumi bila kuvuka bahari kubwa, hapa ndipo pa karibu. Matao ni ya duara, ukuta ni mzito, na kuta za ndani zimechorwa picha za Biblia. Ni jengo la karne ya 19 linaloiga la karne ya 12. Sikuona aibu yoyote katika kuiga. Mimi nimejifunza kazi yote kwa kuiga.

Niliporudi Kigwa nilimweleza paroko niliyoyaona. Akanifungulia kabati, akaniazima kitabu kikubwa cha picha za makanisa ya Ufaransa. Nilikaa nacho wiki tatu. Mafundi wa zamani wa mtindo wa Kirumi walichonga kila mahali palipokuwa na nafasi, hasa vichwa vya nguzo na lile eneo la nusu duara juu ya mlango mkuu. Watu wengi hawakujua kusoma, basi mlango uliwasomea: huku waliookoka, huku wanaopimwa kwenye mizani, huku mashetani wakijaribu kuishusha mizani kwa hila.

Kanisa la Autun lina mlango wa namna hiyo, wa miaka ya 1130 hivi. Kristo amekaa katikati, mrefu kuliko wote, na chini ya miguu yake yamechongwa maneno matatu ya Kilatini yasemayo kwamba Gislebertus alifanya hii. Wapo wataalamu wanaosema huenda hilo si jina la mchongaji bali la mkubwa fulani aliyefadhili. Mimi nikiitazama ile kazi, mikunjo ya nguo, vidole virefu, nasema ni jina la mchongaji. Siwezi kuthibitisha. Lakini najua hamu ya mtu aliyemaliza kazi kama ile.

Na hii ndiyo habari iliyoninyima usingizi: mwaka 1766 wakuu wa kanisa hilo waliona michongo ile ni mibaya, imepitwa na wakati. Wakaipiga lipu. Kichwa cha Kristo kilichochomoza nje ya lipu wakakikata. Kwa miaka 71 watu waliingia kanisani chini ya ukuta mtupu. Mwaka 1837 lipu ikabanduliwa, na michongo ikatoka ikiwa karibu nzima, kwa sababu lipu ile ile iliyoificha ndiyo iliyoikinga isivunjwe wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kichwa kilirudishwa mahali pake mwaka 1948.

Nilikifunga kitabu nikaanza kuhesabu milango ya nakshi niliyopata kuiona kwetu tangu utotoni, na mingapi bado ipo.

Nimesema nitaisema milango ya Unguja. Mlango wa kale wa pwani una mbao mbili zinazokutana, na katikati, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja, una mfaa, ule ukingo wima unaoziba mwanya. Pembeni una miimo, juu una kizingiti ambacho mara nyingi huandikwa aya na mwaka. Kwenye miimo huchongwa mnyororo, mawimbi, magamba ya samaki, yungiyungi. Nilichogundua kwa kidole ni kina cha kazi. Mchongaji wa leo, na mimi nimo, hukwangua juu juu kwa sababu mteja anataka mlango Ijumaa. Wale walizamisha patasi hadi kivuli kikaingia. Nakshi ni kivuli. Bila kina hakuna kivuli, na bila kivuli unabaki na mistari tu.

Maisha yangu yote niliamini kwamba ufundi huo ulikuwa wa pwani peke yake, na kwamba sisi wa bara tulikuwa mabega ya kubebea. Wazee wa karakana waliponifundisha walisema, "Hizo nakshi ni za Waarabu wa Unguja." Nimekuja kujua umri huu kwamba si kweli. Stanley, alipokaa Unyanyembe mwaka 1871, aliieleza nyumba ya tajiri mmoja Mwarabu, Amram bin Masoud, iliyoitwa Bahari Mbili. Anaeleza mlango wake mkuu uliochongwa kwa ustadi wa kushangaza, na maboriti ya ndani yaliyochongwa kila moja, na mikomamanga michanga iliyopandwa mbele ya nyumba. Na anasema kazi ile ilikuwa ya mafundi wa Unyanyembe.

Mafundi wa Unyanyembe! Mtu akiwa amesoma sana anaweza kulipita neno hilo. Mimi nilimwomba mwalimu aliyenisomea alirudie. Maana yake palikuwa na watu hapa, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka ninapopigia randa, waliozamisha patasi hadi kivuli kikaingia. Mtindo ulikuja na misafara, sawa, kama mtindo wa Kirumi ulivyokuja Unguja na Wafaransa. Mikono ilikuwa ya hapa. Majina yao hayakuandikwa.

Mwezi uliofuata nilimchukua kijana wangu wa karakana tukaenda Kwihara, kwenye tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa pamoja Februari na Machi 1872, na ambamo Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25, akaondoka asirudi tena akiwa hai. Ni nyumba ya kuta nene zilizopakwa rangi nyekundu iliyoiva, paa bapa, ua katikati. Mlango wake ni wa nakshi. Ndani wameweka makumbusho ya barua na ramani. Nilimwambia kijana asizitazame barua kwanza. Atazame kuta: nene, kwa sababu paa la udongo ni zito. Atazame matundu ya mwanga: madogo, kwa sababu ile ile. Kisha nikamwambia afumbe macho apitishe kidole kwenye mlango, aniambie patasi ilitoka upande gani. Alikaa hapo muda mrefu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alitusalimu "mwangaluka", akasimama kutushangaa, akaendelea na safari yake.

Njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwamo, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikwisha kuingizwa mwaka 2000. Orodha ni jambo jema, lakini mlango hauozi kwa kukosa orodha. Unaoza kwa mchwa na mvua, na unapotea kwa mtu kuja na fedha kidogo na gari kubwa akasema, "Mzee, nitakuwekea mpya wa chuma." Nimeona boriti iliyochongwa ikiwekwa jikoni kuwa kuni. Sikuwa na fedha ya kuinunua siku hiyo, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Tabora, Ujiji, Kwihara na vijiji vyote vya njia ile: mwenye mwimo, kizingiti au boriti yenye mchongo, hata kama nyumba imeanguka, aiinue kutoka ardhini, aiweke juu ya mawe mahali pakavu, aipake mafuta. Asiipige rangi ya mafuta juu ya nakshi, rangi hujaza kina. Aulize wazee ni nani aliyeichonga, aandike jina nyuma kwa penseli ya seremala, ambayo haifutiki kwa maji. Akishindwa kuitunza, aniite kabla hajamwita mnunuzi. Karakana yangu Kigwa ina nafasi.

Na msomaji atakayefika Mkunazini, asiishie kwenye duara na msalaba. Azitafute nguzo 12, achutame, azitazame kutoka chini. Akirudi bara, apite Kwihara. Ni kilomita kama sita kutoka Tabora mjini, na vijana wa bodaboda wanaijua njia.